Mguu wa Tatu wa Tarishi

Kabla hajawa mama yangu, mama alikuwa fundi mpira katika karakana ya miguu ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo: dirisha moja, mashine ya kugandamiza, kalibu za kuumbia nyayo, na harufu ya salfa iliyomfuata hadi nyumbani. Nilikua nikidhani mama wote hunukia hivyo.

Baba alikuwa tarishi. Lori lilimgonga akiwa kwenye baiskeli, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Wakubwa zake wakataka akae dirishani auze stempu. Akakataa. "Barua hazina miguu," aliwaambia. Ndipo akaletwa kwa mama.

Mguu wa kwanza mama aliufanya laini, kwa huruma, akapunguza salfa inayoukaza mpira. Baada ya wiki mbili baba akarudi akichechemea, unyayo umebonyea upande na unanata.

"Bibie, jua likiwaka mguu huu unataka kulala kwa watu," alisema. "Jana nimeubandua kwenye sakafu ya mwenye nyumba, wanawe wakinitazama."

Mama aliona aibu. Wa pili akautia salfa nyingi mno na kuuacha motoni muda mrefu. Ukatoka mgumu kama kwato. Kila hatua ilimpiga baba hadi kiunoni, na siku ya tano ukapasuka kwenye ngazi za posta. Alianguka, barua zikatawanyika hadi chini.

Aliingia karakanani, akauweka mguu mezani. "Nieleze. Mpira uleule, kalibu ileile. Kwa nini ule ulikuwa uji na huu ni jiwe?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mama swali hilo. Alitoa nyuzi za kushonea, akazitandaza mezani.

"Mpira mbichi ndio huu. Nyuzi ndefu, kila moja na njia yake. Ukivuta, zinateleza, hazirudi." Akafunga fundo hapa na pale, nyuzi zikashikana kama wavu. "Salfa na moto ndivyo vinavyofunga mafundo. Yakiwa ya kiasi, mpira unavutika na kurudi, na jua haliulainishi. Yakizidi..." Akafunga mpaka zikawa donge. "Hazina pa kujinyoosha. Ukizilazimisha, zinakatika."

"Huwezi kuuyeyusha huu ukautengeneza tena?"

"Ukishaiva umeiva. Moto haufungui mafundo hayo. Tunaanza upya."

"Basi tuanze," baba akasema, akavuta kigoda.

Siku tatu alikuja kila asubuhi. Mama alipika vipande vidogo, kila kimoja na kipimo chake cha salfa, akavipinda na kuvidundisha sakafuni. Baba akaandika matokeo nyuma ya bahasha kuukuu. Wakakubaliana: kisigino laini, katikati pagumu, vidole vya wastani. Mguu ulipotoka, baba alitembea ukuta hadi ukuta mara kumi, kisha akaketi, akafunika uso kwa kofia. Mama alijifanya anafuta mashine.

Baada ya hapo baba aliendelea kurudi. Leo mguu unalia, kesho unateleza. Mama akiukagua haoni kasoro. Mara ya nne akamwambia, "Tarishi, mguu ni mzima. Unaumwa wapi?"

"Nadhani ni kwingine," baba akajibu.

Walioana mwaka uliofuata. Mpira huchakaa, kwa hiyo mama alimtengenezea mingine mingi, na baba alisambaza barua mpaka siku ya kustaafu. Tulimzika mwaka juzi.

Sasa mimi ndiye ninayefanya kazi karakanani. Miguu huletwa ndani ya maboksi, imeshaiva huko ilikotoka. Mwezi uliopita nilimpelekea mama mguu mmoja auone. Vidole vyake vimekunjamana kwa baridi yabisi, lakini alikibonyeza kisigino kwa dole gumba, akasubiri kirudi.

"Aliyeufanya huu anajua kazi," akasema. Akaupakata mapajani, na sikuuchukua mpaka alipopitiwa na usingizi.