Mawifi Wawili Waliokwenda Hija

Fundi cherehani alikuwa na mdomo, na mwenyewe alijua. Miaka sita nyuma, kaka yake alipolala wiki nane kwa maradhi ya mgongo, aliwaambia wateja kwamba wifi yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, amemtelekeza mumewe na kukimbilia zamu. Maneno yakazunguka mtaa mzima hadi yakamfikia muuguzi mwenyewe. Kaka alipona, akarudi kwenye karakana yake ya useremala, lakini mawifi hao hawakusemeshana tena.

Sasa majina yao yalikuwa yametoka pamoja kwenye orodha ya mahujaji. Kaka ndiye maharimu wao, mwanamume wa kuwasindikiza, na wanawake walipangiwa chumba kimoja.

"Alhamdulillahi," kaka alisema walipokwenda kwenye somo la hija. "Miaka sita nimekuwa posta, napokea salamu huku napeleka kule. Nastaafu."

Ustadhi aliweka meza katikati ya ukumbi iwe mfano wa Kaaba, wakaizunguka mara saba wakikanyagana na kucheka. Kisha akawaketisha.

"Kuzunguka mtajulia hukohuko," alisema. "Kwenye hija hakuna maneno machafu wala ubishi. Na kabla ya safari, waombeni radhi mliowadhulumu. Mwenyezi Mungu husamehe haki yake. Haki ya mja anayo mja."

Kesho yake fundi alifunga duka akaenda hospitali. Alimkuta wifi yake wodini, anakunja kapu la shuka za vichanga.

"Nani mgonjwa?" muuguzi aliuliza bila kuinua macho.

"Mimi."

"Unaumwa nini?"

"Ulimi."

Muuguzi hakucheka.

"Nilisema umemwacha kaka," fundi aliendelea. "Sikuuliza, nilisema tu. Nisamehe, wifi."

Shuka ya kwanza ikakunjwa, ya pili ikakunjwa.

"Yeye ndiye aliyenituma kazini," muuguzi alisema hatimaye. "Hakutaka nimwone anavyolia kwa maumivu. Nikawa nalia mimi, kwenye stoo ile pale."

Fundi aliutazama mlango wa stoo.

"Uliwaambia wangapi?"

"Wengi."

"Basi nenda kwa haohao uwaambie ukweli. Lakini kwanza shika ncha hiyo, tumalize kapu."

Ilimchukua fundi wiki nzima, nyumba hadi nyumba, uso umemshuka. Wengine walimkumbatia. Bibi mmoja alishangaa: "Mwanangu, mimi nilishasahau. Sasa ndiyo umenikumbusha!" Akatoka hapo amelowa jasho, ila kila mlango ulimwacha mwepesi kidogo kuliko uliotangulia.

Ndani ya ndege muuguzi alikaa dirishani, akamwachia kiti cha pembeni yake. Hawakuongea sana. Lakini waliongea.

Makka, walipomaliza kuizunguka Kaaba, wakaanza kwenda baina ya Safa na Marwa. Safari ya nne, magoti ya fundi yakagoma. Watu walipita kama mto, kila mmoja na dua yake.

"Niache nipumzike, wewe endelea," alisema.

"Nikuache, halafu ukasimulie mtaa mzima?"

Fundi akacheka hadi akashika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muuguzi kulitaja jambo lile kwa mzaha, na wote wawili walilihisi. Muuguzi akauchukua mkono wa wifi yake, akauweka begani kwake.

"Egemea. Bi Hajara alikwenda hapa peke yake akitafuta maji, hakuwa na wifi. Sisi tuko wawili."

Wakamaliza polepole. Pale Marwa, muuguzi alimpunguza fundi nywele kama ibada inavyotaka, urefu wa pingili ya kidole, kisha naye akainamisha kichwa apunguzwe. Hapo fundi akamsikia akisema chinichini, "Nimekusamehe, wifi. Tangu lini, sijui."

Asubuhi iliyofuata kaka aligonga mlango wa chumba chao kuwaita chai. Ndani walikuwa wanasimuliana kitu, wanacheka kwa zamu, hakuna aliyemsikia. Alisubiri kidogo, akatabasamu, akashuka kunywa yake.