Kipande cha Kuachwa

Mpango niliuandika mimi, kurasa arobaini na mbili, na ukurasa wa tisa naweza kukusomea hata nimefumba macho. Unasema ufuo ugawanywe vipande vinne. Vitatu vipandwe mikoko. Kimoja kiachwe kama kilivyo kwa miaka kumi, kisipandwe wala kisiwekewe jiwe, kipimwe tu kila mwaka, ili tujue mikoko inazuia bahari kweli au tunajidanganya. Na kipande hicho kichaguliwe kwa bahati, asipendelewe mtu. Sentensi hiyo niliipigia mstari mwenyewe, kwa majivuno.

Siku ya kuchagua, umeme ulikatika na kompyuta ikazima. Ofisini tulikuwa wawili, mimi na Sifuri. Tulimwita hivyo kwa sababu tukipima yeye hushika mwanzo wa tepu, penye sifuri, nami husoma namba upande wa pili. Alikuwa akinitania kwamba shahada zangu zote zinaanzia mkononi mwake, na hakukosea.

Nikamwambia tutafanya kama mama yangu alivyokuwa akigawa nyama. Mama alikuwa na watoto sita na hakuwa na muda wa manung'uniko. Mmoja wetu aligeukia ukuta, mama akainua mnofu na kuuliza, "Ya nani hii?" Aliyegeuka akataja jina, kesi ikaisha. Hata ukiangukiwa na mfupa mtupu ulitafuna ukanyamaza, maana ukuta hauna mjomba wala shangazi.

Sifuri akacheka, akageukia ukuta, pua kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Nikawa napeleka kidole kwenye ramani bila mpangilio, naye akijibu. Kipande cha pili. "Panda." Cha kwanza. "Panda." Kisha kidole kikafika cha tatu. Hicho ndicho chenye makaburi, na kaburi lililo karibu kabisa na maji ni la mama.

"Na hiki?"

"Acha," akasema Sifuri.

Nikisema nilifikiri nitakuwa natafuta pa kujificha. Kidole kilihama tu. Mkuki kwa nguruwe, ndivyo ilivyo. Sifuri alipogeuka alikikuta juu ya kipande cha nne, kwenye kiboksi kidogo ambacho ni nyumba yake.

Akakigusa kiboksi kile.

"Mdomo wangu mwenyewe," akasema, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

Mwaka wa kwanza tulipima kutoka kona ya jiko lake hadi alama ya maji kujaa: mita thelathini na moja. Nani angeogopa? Mwaka wa pili ishirini na saba. Mwaka wa tatu kumi na tisa. Kwenye vipande vingine mikoko ilishika, tope likapanda, kaa wakarudi, na wageni wakaja kupiga picha. Mkewe, ambaye mimi namwita wifi, alisimama mlangoni akituangalia tunavyokunja tepu. Mwanzoni alitania kwamba pale nyumbani mumewe haulizwi jambo lolote tena, kwa kuwa mdomo wake una mkosi. Mwaka wa nne alisema vilevile, na hakuna aliyecheka.

Ningeweza kumsafisha mtu huyo kwa sentensi moja. Kila mwaka nilikwenda nayo mdomoni na kurudi nayo.

Mama alianza kuja mwaka huo. Simwoni. Huja mchana kweupe, nimeinama nasoma namba, na nyuma yangu nasikia sauti ile isiyo na haraka, "Ya nani hii?" Kaburi lake sasa limejificha nyuma ya mikoko, kavu, salama salimini. Sijakanyaga pale tangu siku ile ya ramani. Namwogopa mama yangu.

Mwaka huu ni wa saba. Nyumba haipo. Wamehamia chumba cha kupanga juu barabarani, watu watano. Lakini mpango unasema tupime kutoka kona ya jiko, kwa hiyo Sifuri alikunja suruali akaingia majini, akawa anapapasa kwa unyayo mpaka maji yakamfika magotini. Akasimama.

"Hapa palikuwa na jiko. Soma, dada."

Nikasoma. Nikaandika: hasi mita nne, maana maji sasa yamelipita jiko.

Hakutoka. Alibaki ameshika sifuri yake.

"Lakini imesaidia, dada? Hii ya kwangu kuachwa?"

Nilikuwa na jibu la kweli. Kipande hakikuchaguliwa kwa bahati, basi ulinganisho wote hauna thamani, na nyumba yako imekwenda bure. Nikinyamaza, angalau imekufa kwa faida. Nikinyamaza, mdomo uliochagua unabaki kuwa wake.

"Imesaidia sana," nikasema.

"Basi nitamwambia wifi yako." Uso ukamlegea, akatabasamu. "Nitamwambia mdomo wangu haukuwa na mkosi."

Akaanza kuikunja tepu kutoka upande wake, akija kwangu polepole ndani ya maji, mita baada ya mita. Nyuma yangu, kutoka upande wa makaburi, mama akauliza ya nani hii. Nilikuwa nimegeukia bahari kama mtoto aliyegeukia ukuta, na jina nililijua. Sikulitaja.