Mfungo wa Mtumishi Nicodemus

Mtumishi Nicodemus aliwasha simu yake akiwa bado juu ya kilima, nyuma ya kijiji cha Kagerankanda, na jumbe zikamiminika mfululizo. Zote zilitoka kwa Esteri, shemeji yake wa Kibondo. Dada amepelekwa hospitali. Dada amejifungua, mtoto mzima. Dada anatokwa na damu sana, uko wapi? Wa mwisho ulikuwa neno moja tu: Shemeji.

Alikuwa ametoka kuhubiri Burundi. Alipovuka mpaka wa Manyovu angeweza kupanda gari la Kibondo moja kwa moja, akamkuta mkewe Valeria na tumbo lake lililokwisha kushuka. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Lakini mimba zao za nyuma ziliharibika, na hii Nicodemus alitaka kuiombea mwenyewe, mlimani, kwa mfungo mkavu: bila chakula, bila maji, na simu imezimwa, maana huwezi kusema na Mungu huku unapokea simu. Ndivyo wanavyofunga watumishi wenzake, na ndivyo alivyowafundisha watu kuanzia Bujumbura hadi Uvira. Basi akapanda mlima, akaipa nyumba kisogo.

Njia nzima ya Kibondo alilia waziwazi, na abiria wenzake wakatazama nje ili kumsitiri.

Hospitalini alipokewa na Sista Ghati, muuguzi aliyehamia kutoka Mara, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. "Kundi lake ni O, mtumishi. Damu iliyokuwepo tumemwekea yote. Nyingine iko njiani, na sijui kama atasubiri. Shemeji yako tumempima, kundi lake halifai."

"Mimi ni O," alisema Nicodemus, tayari anakunja mkono wa shati. "Nitoeni hata yote."

Hilali wa maabara alimpima presha, akarudia kumpima. Kisha akaitazama midomo yake iliyopasuka. "Mzee wangu, umekula lini mara ya mwisho?"

Nicodemus akaeleza habari za mlima.

"Basi siwezi kukutoa damu. Utaanguka hapa hapa, tuwe na wagonjwa wawili."

"Lakini nilikuwa namfungia yeye!"

"Naelewa, mzee. Kalete watu wengine, haraka."

Watu! Watu alikuwa nao tele, ng'ambo ya mpaka, wa kumlaki kwa ngoma na kumbebea begi. Hapa Kibondo, alipopanga nyumba miaka yote hiyo, hakujua hata jina la jirani wa mlango wa pili. Alitoka nje, akasimama uani, mahali ndugu wa wagonjwa walipotandika khanga zao na kuinjika sufuria. Na kwa mazoea, jamani, kwa mazoea tu, akainua mkono juu.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina," walijibu kwa uvivu. Mama mmoja akafumba macho. Vijana wakainuka wakaondoka zao, na mzee mmoja akaanza kutafuta sarafu mfukoni, maana wahubiri hawakosekani uani pale.

"Wapendwa, Mungu wetu ni mwema," mdomo wa Nicodemus uliendelea wenyewe. Alijisikia akisema, akatamani kujing'ata ulimi, na bado akasema, "Ni mwema kila wakati."

Esteri, aliyekuwa amemfuata, alimvuta koti kwa nguvu. "Shemeji, unahubiri! Dada anakufa, wewe unahubiri! Wataje jina lake!"

"Valeria," alisema, na ile sauti iliyozoea viwanja vya mikutano ikakatika. "Mke wangu, Valeria. Anauza ndagala hapo sokoni. Damu imemwishia, na yangu wameikataa. Nawaomba." Akapiga magoti kwenye vumbi.

Mama aliyekuwa akimenya maharage alisukuma ungo pembeni. "Yebabawe! Mama Ndagala? Huyu anayetupimia dagaa kisha akaongeza?"

"Ndiye huyo huyo," alisema Esteri.

"Niyomwungere, amka wee! Ni Mama Ndagala!"

Wakainuka, wanawake kwa wanaume, mmoja akimwita mwenzake, hata yule mzee wa sarafu. Hilali akawafungulia mlango. Mama wa maharage, akikaza khanga kiunoni, alimnong'oneza Esteri, lakini Nicodemus alisikia.

"Na huyu baba ni nani?"

"Mumewe."

"Mumewe? Sisi tulijua ni mjane."

Walipatikana wa kundi la O, na damu ikaanza kumwingia Valeria taratibu. Nicodemus alikaa sakafuni kando ya kitanda, anaogopa hata kuomba. Sista Ghati alimletea chai, akainywa yote, na mfungo ukaishia hapo.

Jioni Valeria alifumbua macho. Alimtazama mumewe. Hakumuuliza alikuwa wapi.

"Unaondoka lini?" aliuliza.