Mguu wa Pedali

Kabla ya leza kuwashwa, baba huuliza maswali matatu, nami hujibu bila hata kuinua kichwa.

"Macho?"

"Yamefunikwa." Yetu kwa miwani ya kinga, ya mgonjwa kwa shashi yenye maji.

"Mlango?"

"Umefungwa."

"Mguu?"

"Upo."

Mguu wenyewe ni wangu. Kwa kawaida daktari anayeshika kalamu ya leza ndiye anayekanyaga pedali ya kuuwasha mwanga. Kwetu kalamu ni ya baba, pedali ni yangu. Tulianza hivyo miaka mitatu iliyopita, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Baba hubana pumzi, mkono ukatulia sekunde mbili tatu, mimi nikakanyaga. Ukianza tena, naachia. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo. Wateja husoma bango letu, "Upasuaji wa Leza kwa Wanyama, Damu Kidogo, Kupona Haraka," kisha humsifu mzee.

Mimi pia ni daktari wa mifugo. Cheti changu kiko ukutani chini ya cha baba, nyuma ya kalenda. Kwa wateja mimi ni binti wa daktari, yule wa kushika mikia.

Siku hiyo nilikuwa hoi bin taaban. Tangu asubuhi tulikuwa tumechoma sugu za mbwa watatu, nami nilikuwa nimebishana na bwana mmoja aliyetaka leza imwondolee mbwa wake kelele. Chumba kilinuka manyoya yaliyoungua. Ndipo akaingia fundi cherehani wa mtaa wa pili, amempakata paka wake mzee ndani ya kitenge.

Paka alikuwa na uvimbe kwenye kope la kulia, mdogo kama punje ya mtama. Jicho la kushoto lilishapofuka. Kalamu ikiteleza kidogo tu, ukingo wa kope ungekatika, jicho lisingefumbika tena, lingekauka, na paka angebaki gizani.

"Daktari, nyumbani tuko wawili tu," fundi alimwambia baba. "Nakuomba, aone."

"Ataona, mama," baba akajibu. Nilimwonea hasira kwa ahadi hiyo.

Tukamlaza paka usingizi, tukaweka kikinga cha chuma chini ya kope. Macho, mlango, mguu. Baba akabana pumzi. Nikangoja mkono utulie.

Haukutulia. Ncha ya kalamu ilizungukazunguka juu ya kope.

"Kanyaga," baba alisema.

Sikukanyaga.

"Mguu?"

"Upo."

"Sasa unangoja nini?"

"Mkono, baba."

Alivuta pumzi, akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Akasema taa inammulika machoni. Nikaisogeza taa. Akasema meza iko juu. Nikaishusha. Nikaona aibu, maana miaka mitatu nilikuwa nikimficha kwa mguu wangu na kujiita mtoto mwema.

"Sikanyagi, baba. Mkono hautulii. Leo hautulii kabisa."

Paka alihema taratibu. Baba aliutazama mkono wake muda mrefu, kama vile umeletwa na mteja. Kisha akaiweka kalamu kwenye sinia, akavuta stuli, akaketi upande wangu. Kiatu chake kilipapasa sakafuni kikitafuta pedali. Nikaisukuma kwa mguu hadi kwake.

Nilishika kalamu. Ilikuwa bado na joto la kiganja chake.

"Macho?" niliuliza.

"Yamefunikwa."

"Mlango?"

"Umefungwa."

"Mguu?"

"Upo."

Uvimbe ulitoka kwa dakika nne. Damu haikuzidi tone. Paka alipozinduka nilimpitishia kidole mbele ya uso, naye akakifuata kwa jicho, kisha akajaribu kuking'ata. Nilitaka kulia, nikaosha vyombo.

Fundi aliposikia kuwa paka anaona, aliikamata mikono ya baba yote miwili, akaitikisa. "Ahsante, daktari! Mikono hii Mungu aitunze!"

Baba hakuuchomoa ule wa kulia na kuuficha mfukoni kama afanyavyo siku zote. Aliuacha utetemeke ndani ya mikono ya fundi, mpaka fundi akauhisi.

"Mshukuru daktari, mama," baba alisema, akinielekezea kidevu. "Mimi nilikanyaga tu."