Mkono wa Kuume wa Emilienne

Kwa miaka tisa Emilienne alisimama upande wa kushoto wa kiti cha wagonjwa katika kliniki ya meno ya Daktari Davies, pale Nchelenge. Mkono wa kushoto ulishika mrija wa kufyonza mate, wa kuume kioo cha kuzuia ulimi, na shingo aliipinda ili asizibe taa. Daktari alikaa. Kiuno kilipomsumbua alijinunulia kigoda cha magurudumu kutoka Lusaka, akashusha kiti cha mgonjwa kimfae yeye. Emilienne, mrefu kama alivyo, alizidi kuinama. Tena ndiye aliyekuwa mkalimani: wachuuzi wa samaki waliovuka ziwa kutoka Kongo hawakujua Kibemba, daktari hakujua Kiswahili, na yeye kwao ni Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya pili.

Mwaka wa saba vidole vya kuume vikaanza kufa ganzi. Asubuhi alishindwa hata kufunga vifungo vya blauzi.

"Docta, naomba na mimi kiti," alisema kwa Kibemba chake cha ng'ambo. "Mukono inakufaka ganzi. Shingo inawaka moto."

"Bana Marlène, chumba chenyewe kidogo hiki!" daktari alijibu, akimwita kwa jina la bintiye kama Wabemba waitavyo akina mama. "Kunywa Panado."

Aliomba tena. Mara ya tatu hakuomba kiti. Aliomba tu meza ya vyombo itolewe mgongoni kwake, asijipinde kila anapochukua kitu. Daktari akacheka, akasema hata yeye anaumwa.

Alhamisi moja walihudumia watu kumi na mmoja bila kupumzika. Wa kumi na mbili alikuwa Hippolyte, mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa lile. Mashine ilikuwa inasaga gego lake la chini pale Emilienne alipoona damu. Kioo kilikuwa kimeteleza, naye hakuhisi kitu. Ulimi ulikuwa umeruka ukaguswa na mashine.

"Munaniua!" Hippolyte alipiga kelele, kitambaa mdomoni.

Daktari alimgeukia Emilienne, akasema kwa Kibemba, polepole, "Mwambie kosa ni lako. Mwambie hukuwa makini."

Hapakuwa na mwingine wa kutafsiri.

"Docta anasema kosa ni yangu," alimwambia mgonjwa. "Anasema sikukuwa makini."

Jioni ile aliwekewa barua iliyosema hivyohivyo, aitie sahihi. Akakataa. Kesho yake alikuta mlango wa kliniki umefungwa kwake: kazi imekwisha.

Wiki mbili baadaye alimkuta Hippolyte sokoni Kashikishi, akipanga magunia.

"Mama, mi nilikuona ile siku," Hippolyte alisema mwenyewe. "Mukono yako ilikuwa inatetemeka tangu mwanzo. Docta aliona, akaendelea tu."

"Basi twende wote ku ofisi ya kazi, papa. Useme vile."

Hippolyte aliinamia magunia yake. "Docta wa meno ni mumoja tu huku, mama. Na jino yangu bado hajamaliza."

Emilienne alikwenda peke yake. Afisa alimsikiliza, akauliza kama ana shahidi, na alipojibu hana, akamwambia arudi mwezi ujao.

Siku hizi Marlène, binti yake, ndiye anayetwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Emilienne hukaa kando, akivinyoosha vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, na mtu akimwuliza ana nini, husema hana kitu.