Jani la Hotelini

Jumapili, tarehe 15 Juni 2025. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa, na manyunyu yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba hata pale mvua ilipokuwa imekatika. Mlima haukuonekana kabisa. Aikaeli alisimama barazani mwa kanisa la Masama, begi lake moja miguuni, akavuta pumzi ndefu mpaka ikafika chini ya kifua. Akasubiri kikohozi. Hakikuja.

"Asante Bwana," alisema moyoni. Ilikuwa mara ya nne tangu ashuke kwenye gari.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa dobi katika hoteli ndogo ya Mama Anusuya na mumewe, mzee Ramnik, mjini Moshi. Alifua shuka, taulo na suruali za wageni walioshuka mlimani wakiwa wamejaa tope hadi magotini. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, kina dirisha moja tu, na ndani yake mvuke na harufu ya dawa ya kung'arisha nguo vilikaa kutwa nzima kama wapangaji. Kifua kikaanza kukaza, kisha kikaanza kulia kama filimbi. Mwaka jana daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia, "Mama, chagua. Hiyo kazi au hiki kifua."

Angeweza kuchagua siku ileile. Lakini alichelewa mwaka mzima, na sababu haikuwa kazi. Kila asubuhi, kabla ya kutoka chumbani kwake mtaa wa Rau, alipiga magoti akamwomba Mungu amwonyeshe pa kwenda. Kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile: nyumbani. Naye nyumbani alikuwa amepafunga kwa kinywa chake mwenyewe.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, siku ya kumaliza msiba wa baba yao, Mzee Eliamini. Ukoo ulikaa uani kugawa vya marehemu. Aikaeli, aliyekuwa mjane wa mwaka mmoja, aliomba kipande kidogo tu cha kihamba, lile shamba la migomba na kahawa alikozaliwa. Aliomba kile kilicho chini ya mfereji wa maji. Kaka yake Ebenezeri, aliyebaki na nyumba, alisema bila kumtazama, "Mtoto wa kike kwao ni kwa mumewe."

Aikaeli alisimama. Alivua viatu akavikung'uta udongo wa pale, mbele ya wazee wote, akasema kwa sauti, "Basi mguu wangu hautakanyaga tena kihamba hiki."

"Na usikanyage," Ebenezeri alimjibu.

Huko Masama neno lililotamkwa mbele ya ukoo halifutwi kwa simu wala kwa salamu za Krismasi. Linafutwa kwa jani la sale, ule mmea mrefu wa kijani unaopandwa mipakani. Mwenye kosa hulileta mkononi. Anayeombwa akilipokea, amesamehe, na jambo hilo halitajwi tena. Aikaeli alilijua hilo tangu utotoni. Shida ilikuwa jani lenyewe alitoe wapi. Masale ya baba yake yalikuwa ndani ya mpaka aliouapia. Na kukata sale la mpaka wa mtu mwingine ni kuanzisha ugomvi mwingine kabla hujamaliza wa kwanza.

Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini, Mama Anusuya alimwita mapokezi. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ingawa alisema ni vumbi.

"Miaka kumi na minane, Aikaeli, na sasa unaniacha na hawa wasichana wanaochoma foronya. Haya, sema nikupe nini ukumbuke. Pasi? Blanketi? Chukua blanketi, kwenu kule baridi."

"Naomba jani moja, mama. La mmea ule wa kwenye chungu."

Mama Anusuya alivua miwani. "Jani? Ramnik! Njoo usikie huku. Mwaka wa kumi na nane huu, anaomba jani!"

"Mpe jani na blanketi," mzee Ramnik alijibu kutoka ofisini bila kuinua kichwa.

Mmea ule ulisimama karibu na mlango, mrefu, majani yake mapana yakiinama kama ya sale. Tofauti yake ni kwamba kila jani lilikuwa na mstari wa njano katikati. Aikaeli aliutazama mstari ule kwa muda. Sale ni sale, alijiambia. Mungu anatazama moyo. Mama Anusuya alilikata kwa mkasi wa jikoni, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akamkumbatia. Aikaeli alipotoka getini aligundua kuwa anatembea haraka, kama mwanafunzi aliyefunga shule. Jumamosi alirudisha ufunguo wa chumba cha Rau. Hakuacha nyuma hata kijiko. Kaka yake akikataa jani, hakuwa na pa kurudi.

Mpango wake ulikuwa mzuri. Angesali kwanza, kisha angemfuata Ebenezeri taratibu baada ya ibada. Mlangoni alimkabidhi Mzee Yoramu, mzee wa kanisa, cheti chake cha kuhama kutoka usharika wa mjini.

"Hiki ni cha wiki ijayo, mzee. Leo naomba kwanza niongee na kaka."

"Usiwe na wasiwasi, binti yangu," alisema Mzee Yoramu, akakipachika katikati ya karatasi zake.

Mzee Yoramu alikuwa mtu mwaminifu sana. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuruka karatasi hata moja iliyokuwa mkononi mwake, na siku ile hakuruka pia. Baada ya tangazo la kwaya na la ng'ombe aliyepotea, alisoma kwa sauti ya kufika nje:

"Tunampokea dada yetu Aikaeli Eliamini, kutoka mjini. Anahamia kwenye kihamba cha marehemu baba yake. Asimame tumwone." Hapo ndipo alipokumbuka ombi la Aikaeli. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Aikaeli alisimama. Afanyeje? Mabenchi matatu mbele yake, kichwa chenye mvi kiligeuka polepole. Macho ya Ebenezeri hayakuwa na hasira wala furaha. Yalikuwa macho ya mtu aliyesikia habari za nyumba yake kutoka kwa watu wa nje. Baraka ilipotolewa tu, alichukua kofia yake akaondoka. Nje mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka ulianza bila yeye, na watu wakajua kuna jambo zito, kwa sababu hakuna Jumapili ambayo Ebenezeri aliuacha mkungu wa ndizi uchukuliwe bila yeye kubishana.

"Nimekuharibia, binti yangu," alisema Mzee Yoramu, kofia mikononi. "Nisamehe."

Kabla Aikaeli hajajibu, fimbo ilimgonga begani. Alikuwa shangazi yao Elisifa, mwenye miaka themanini na moja, mfupi, amejifunga kanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umesimama? Unangoja hasira yake ipoe? Utazeekea barabarani, na wewe mwenyewe tayari umeshazeeka. Twende. Na wewe Yoramu, uliyelikoroga, beba begi."

Wakapanda njia ya udongo, fimbo ya shangazi mbele, Mzee Yoramu nyuma na begi kichwani. Waumini waliokuwa wakirudi makwao waliwafuata kwa mbali, wakijifanya wanaelekea huko. Njiani Aikaeli aliomba kwa maneno machache tu: Bwana, kama si mlango, basi nipe hata ukuta wa kuegemea.

Mpaka wa kihamba ulikuwa palepale, safu ya masale aliyoyapanda baba yao, yamekua kupita kimo cha mtu. Aikaeli alisimama hatua moja nje. Ndani, Ebenezeri alikuwa akikata majani makavu ya migomba kwa panga, na bado amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Mtu hanyimwi salamu. Panga likaendelea. "Naona umetangazwa."

"Sikukusudia isomwe leo."

"Ulikusudia isomwe lini? Siku ya mazishi yangu?"

"Kosa ni langu, Ebenezeri," alidakia Mzee Yoramu.

"Sijakuuliza, mzee. Haya, dada, ingia basi. Si umeshahamia? Kanisa zima linajua."

"Siwezi kuingia. Nilisema sitakanyaga."

"Ulisema," alikubali Ebenezeri. "Na mimi nilisema."

Aikaeli alifungua kitambaa kibichi. Alilishika jani kwa mikono miwili, akalinyoosha juu ya mpaka, akainamisha kichwa. Ebenezeri alishusha panga, akasogea, akatazama. Akatazama tena. Shangazi Elisifa naye alinyoosha shingo.

"Hiki ni nini?" aliuliza shangazi.

"Ni sale, shangazi."

"Sale? Lenye mchirizi wa njano kama kinyonga? Sale la wapi hili?"

Aikaeli alihisi masikio yakipata moto. Kudanganya hakuweza, na ibada ndiyo kwanza imeisha. "La hotelini," alisema. Kisha, kwa kuwa ukweli nusu si ukweli, akaongeza, "La mapokezi."

Huko nyuma mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Kwa hiyo hili," alisema Ebenezeri polepole, "ndilo linalopokea wageni?"

"Kwa miaka mingi," alijibu Aikaeli, naye sauti ikaanza kumsaliti.

"Na lenyewe linasamehe, au mpaka mtu awe ameandikisha chumba?"

Shangazi Elisifa alicheka kwanza, akishikilia fimbo kwa mikono miwili asianguke. Mzee Yoramu akalishusha begi, akalikalia. Na Ebenezeri, aliyekuwa akiuma midomo, akashindwa. Kicheko chake kilikuwa cha baba yao hasa, kile kinachoanzia tumboni, na Aikaeli hakuwa amekisikia kwa miaka tisa. Akacheka naye mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka yakaendelea kutoka.

Ebenezeri alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Lakini kwa nini? Wewe umezaliwa hapa. Sale unalijua. Kwa nini hukukata la kwetu?"

"La kwetu liko ndani."

"Ungeingia hata alfajiri, ukakata, ukatoka. Nani angekuona?"

"Niliapa, kaka. Kwenye harusi ya Davis nilisimama hapahapa barabarani na sufuria ya pilau mikononi. Nikampa mtoto mmoja aipeleke ndani."

Davis ni mwana wa kwanza wa Ebenezeri. Kicheko kilimwisha usoni, akautazama udongo kati ya viatu vyake.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa pale kwenye mti wa kahawa. Nikasema moyoni, asipoingia mwenyewe simwiti. Dada yangu barabarani, na mimi nakula nyama. Chakula kile hakijanipita kooni mpaka leo."

Aliligeukia sale la karibu, akakata jani moja kwa panga, refu, la kijani kitupu, bado lina matone ya manyunyu. Kisha akafanya jambo ambalo hata shangazi hakulitarajia. Alivuka mpaka, yeye mwenyewe, akatoka mpaka njiani aliposimama dada yake, akamtia jani mkononi.

"Haya. Niombe kwa la kwetu."

Aikaeli alilishika kwa mikono miwili. "Nisamehe, kaka, kwa neno nililolisema juu ya udongo wa baba."

Ebenezeri alilipokea. Akarudi mpakani, akakata la pili, akaja nalo. "Na hili ni langu. Nisamehe kwa neno nililolisema kabla ya lako."

Aliposema hivyo, Aikaeli alisikia kifua chake kikifunguka kwa namna ambayo hewa ya mlima peke yake isingeweza. Akalipokea. Kisha Ebenezeri akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kitu kuhusu kipande cha chini ya mfereji.

Fimbo ya shangazi Elisifa iligonga ardhi. "Hapana! Maneno mabaya mliyasema kwa sauti ukoo mzima ukasikia. Mazuri ndiyo ya kunong'ona? Semeni tusikie. Ninyi mnaojificha nyuma ya mgomba, sogeeni, mtakuwa mashahidi. Na hili la hotelini nipeni mimi, nitalitia kwenye chupa ya maji mezani, niwe napokea wageni."

Watu wakasogea. Mzee Yoramu alivua kofia, na wanaume wengine wakafanya hivyo pia. Ebenezeri alimshika dada yake mkono, akamvusha mpaka. Mguu wake ukakanyaga udongo mweusi uliolowa, ukazama kidogo, ukatulia.

"Mimi, Ebenezeri Eliamini," alisema, "nasema mbele ya shangazi yangu, mbele ya mzee wa kanisa na mbele yenu majirani. Chini ya mfereji, kuanzia mparachichi wa baba mpaka korongoni, ni kwa Aikaeli. Maji ya Jumatano ni zamu yake. Mwanangu yeyote atakayemwambia aondoke, niwe hai nisiwe hai, mwambieni mlinisikia."

"Tumesikia," waliitikia.

Wote wakamgeukia Aikaeli. Alivuta pumzi ndefu, jani la kaka yake kifuani. Hakukohoa.

"Nami naahidi mbele za Mungu na mbele yenu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Kinywa changu ndicho kilichonitoa hapa. Hakitanitoa tena."