Dazeni ya Mwoka Mikate

Mama Tanuri alioka mikate miaka thelathini kabla hajajua kuandika jina lake. Alipojiunga na darasa la watu wazima, alimkuta mwalimu ni bintiye wa mwisho. Wakapatana: nyumbani mama na mwana, darasani mwalimu na mwanafunzi. Basi mama mtu akawa ananyoosha kidole kama wenzake na kumwita mwanawe "mwalimu" bila kupepesa macho.

Alasiri moja mwalimu aliuliza dazeni ni ngapi. Darasa zima likajibu kumi na mbili. Mama Tanuri akasema kwake yeye ni kumi na tatu. Watu wakaangua kicheko. Seremala wa dawati la nyuma akamtania kwamba moshi umempanda kichwani. Mwalimu, kwa haya, akamwambia akae. Alikaa, ila lilimkaa rohoni, maana hesabu hiyo alifunzwa na marehemu baba yake, mwoka mikate vilevile.

Binti naye hakutulia. Kesho yake alikuja na kamusi nene kama tofali, akawasomea: neno tulilichukua kwa Waingereza, wao wakalitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, ambako lilikuwa mbili na kumi. Kisha akafunua ukurasa mwingine. Inasemekana zamani waoka mikate wa Uingereza, wakiogopa adhabu ya kupunja uzito, waliongeza mkate mmoja juu ya kumi na miwili, hata kumi na tatu ikaitwa dazeni yao.

"Jana nilimkalisha mtu mwenye haki," alisema. "Mama, niwie radhi. Njoo utufundishe."

Mama Tanuri akashika chaki. Akachora mikate kumi na miwili, akaonyesha inavyogawanyika kwa watu wawili, watatu, wanne, hata sita, bila kisu kugusa mkate. Kumi, alisema, ingewagombanisha watatu. Halafu akachora mmoja pembeni. Seremala akauliza huo wa nani.

"Huo ni jina langu," alijibu. "Mteja akikuta mmoja umebonyea, asiniseme vibaya."

Safari hii hakucheka mtu. Chini ya mikate akaandika neno "dazeni", herufi moja moja, asikosee hata moja. Bintiye akampokea chaki kwa mikono miwili, na mama mtu akarudi kwenye dawati lake kifua mbele, kama aliyerefuka shibiri nzima.